Andazi la mia: bei ilikaa miaka kumi na mbili, andazi likawa linaondoka

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aupitie kesho.

Mama yangu anakaanga maandazi Mbagala, Dar es Salaam, tangu sijaanza darasa la kwanza. Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia kuhamisha vitu chumbani, chini ya kitanda nikakuta kaunta buku nne zimefungwa kwa kamba ya katani. Nikajua ni madeni tu. Na kweli yamo: "fundi baiskeli 4", "mama wa kona 10, Jumamosi", "dereva bajaji 6 amelipa". Lakini pembeni mwa kila ukurasa, kwa wino mwekundu, kuna namba moja peke yake. 26. 26. 27. 26. Nikamuuliza ni namba ya nini. Akasema, "Hiyo ni kilo imetoa mangapi."

Yaani kila alfajiri akishakanda na kukata, kabla hajaweka karai jikoni, alihesabu kilo moja ya unga wa ngano imetoa maandazi mangapi, akaandika. Kaishia la saba. Hakuna aliyemwambia aandike. Anasema alianza kwa sababu alitaka kujua kama anaibiwa unga, kisha akazoea.

Nimekaa na hayo madaftari siku nne na kalamu. Andazi lilitoka 50 kwenda 100 mwisho wa mwaka 2009, na wiki ile kilo ilitoa 24. Bei ya mia ikakaa hadi Aprili 2022. Muulize mtu yeyote wa mtaa wetu andazi lilikuwa shilingi ngapi 2011, atakwambia mia. 2015? Mia. 2021? Mia. Ukifuata bei peke yake utasema andazi halikuwahi kupanda.

Sasa wino mwekundu:

mwisho wa 2010, kilo moja maandazi 25
mwisho wa 2012, kilo moja maandazi 32
mwisho wa 2016, kilo moja maandazi 35
mwisho wa 2020, kilo moja maandazi 38
Machi 2022, kilo moja maandazi 44

Mteja aliyekula kilo ya unga kwa 2,400 akawa anaila kwa 4,400, na kila asubuhi anatoa mia ileile.

Kilichonishika ni ile ruka ya 25 kwenda 32 ndani ya miaka miwili. Nikaenda kutazama takwimu za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mfumuko wa bei kwa wastani wa mwaka ulikuwa asilimia 12.7 mwaka 2011 na asilimia 16.0 mwaka 2012. Ukivizidisha vyote viwili unapata kama asilimia 31. Andazi la mama liliongezeka gharama kwa kilo asilimia 28. Mama hajawahi kusoma taarifa ya NBS hata moja. Alikuwa anaangalia mfuko wa unga, dumu la mafuta, gunia la mkaa, kisha anasogeza kisu.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni hicho. Sisi tunaonunua kwa mia na kwa jero (mia tano), bei haitufikii kama bei. Inatufikia kama kipimo. Tukikaa tunauliza "siku hizi shingapi" peke yake, miaka inapita hatujaona kitu.

Naomba wenye kumbukumbu zao waziweke hapa. Nitarudi na habari ya Aprili 2022.

#2

Mkuu umenigusa. Fungu la nyanya la jero pale Tandika lilikuwa na nyanya tano, moja kubwa juu kama kofia. Leo ni tatu, na ile ya juu haipo. Fungu bado linaitwa la jero.

#3

Na mche wa sabuni je? Mimi nakumbuka mche unaukata vipande vya kufulia wiki mbili. Siku hizi kipande kimoja kinaisha kabla shuka halijatakata. Nafuatilia uzi.

#4 Muuza duka, Manzese

Niseme upande wetu wa kaunta, maana tunaonekana wezi.

Mteja wa mtaani haji na hesabu ya lita. Anakuja na chupa ya maji iliyotumika na jero mkononi, anasema "Mangi, nipe mafuta ya jero". (Mimi wala si Mchaga, lakini ukishafungua duka Dar wewe ni Mangi.) Mwaka 2020 dumu la lita 20 nilikuwa nalichukua kwa kama elfu 60. Mwanzoni mwa 2022 lilivuka laki moja. Nimwambie mama mwenye watoto wanne kwamba mafuta ya jero sasa ni mia tisa? Mia tisa hana. Ana jero. Kwa hiyo nilitafuta kikombe kidogo zaidi. Nina vikombe vitatu kwenye rafu vya miaka tofauti, vyote kwa wakati wake viliitwa kipimo cha jero. Cha zamani kabisa mtoto wangu anakinywea uji.

Na tuelewe ilikuwaje mwaka ule. Vita vya Urusi na Ukraine vilianza Februari 2022, na kule ndiko yanakotoka mafuta mengi ya alizeti duniani, na ngano pia. Watu wakakimbilia mawese. Tarehe 28 Aprili Indonesia, ambaye ndiye mzalishaji mkubwa wa mawese, akazuia kuuza nje, akafungulia tena baada ya wiki tatu na ushee. Hapohapo petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na lori linaloleta dumu kwangu linakunywa dizeli. Singida na Dodoma wanalima alizeti, ndiyo, ila nchi haijajitosheleza.

Kitu ambacho kinaniuma mimi kama muuzaji: mwenye gari anakuja Jumamosi ananunua lita tano kwa bei ya lita. Yule wa jero, ukijumlisha jero zake mpaka zifike lita tano, kalipa zaidi. Na ndiye asiye nacho. Sijui nifanye nini na hilo, maana kupima pima kuna kumwagika, kuna muda, kuna mkopo usiolipwa, lazima niweke kitu juu.

#5 Mstaafu, Tanga

Vijana, salamu. Mimi nimeanza kazi 1971.

Mnazungumzia vipimo kupungua. Sisi tuliona jambo jingine, na ni vizuri liandikwe kabla hatujaondoka. Bei ilikuwa palepale na kipimo kilikuwa palepale. Kitu chenyewe ndicho hakikuwepo.

Tume ya Bei ilikuwapo tangu 1973, inapanga bei ya karibu kila kitu. Bei imebandikwa ukutani kwenye duka la kaya, sukari bei yake nzuri kabisa, na rafu tupu. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na vita vya Kagera 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliisha. Mke wangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni, anaweka jiwe kushika nafasi, anarudi kulala kidogo. Unga uliopatikana ni ule wa njano wa msaada, tukauita unga wa Yanga kwa rangi yake. Mkiniuliza kilo ya sukari ilikuwa shilingi ngapi mwaka 1982, nitawauliza ya wapi, ya dukani au ya mlanguzi? Kwa mlanguzi ilikuwapo, kwa bei ambayo haikuandikwa popote. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowakamata wahujumu uchumi, watu walitupa mali usiku wakiogopa kukutwa nayo.

Kisha akaja Rais Mwinyi, kila kitu ruksa. Rafu zikajaa, na bei ikaonekana sura yake. Dola ilianza mwaka 1986 ikiwa kama shilingi 17, mwaka ukaisha imepita 50. Mshahara wangu haukuzidishwa mara tatu. Ndipo kila mtumishi akawa na kuku uani.

Neno daladala linatoka hapo. Sarafu ya shilingi tano tuliita dala, na makondakta wa mabasi ya watu binafsi walikuwa wanapiga kelele "dala, dala", yaani nauli ni shilingi tano. Desemba 2023 nauli ya safari fupi za mjini ilifanywa shilingi 600. Jina limebaki na bei ya zamani ndani yake.

#6

Mzee shikamoo. Hiyo ya jiwe kwenye foleni, marehemu bibi alinisimulia, nikadhani anatunga.

#7

Marahaba. Hakutunga. Mengine walichora alama wasichanganye.

#8 Wa Kisauni, Mombasa

Salaam ndugu zetu. Hapa pwani ya Kenya ni mahamri, na hadithi ni hiyo hiyo. Mamangu mkubwa auza mahamri na mbaazi za nazi. Hamri lilikuwa shilingi tano za Kenya miaka mingi, likawa lapungua, likawa jembamba hata ukilipasua ndani hakuna uwazi wa kutia mbaazi. Siku alipolifanya kumi lilirudi kuwa hamri.

Kwetu mambo haya twayaita kadogo. Mafuta ya kupima, majani ya chai kifuko cha siku moja, sabuni ya unga ya kufua mara moja. Kampuni zenyewe zishajua, zatengeneza pakiti ndogo makusudi.

Kitu ambacho hakifichiki kwetu ni unga wa ugali, kwa sababu pakiti ni kilo mbili na kila mtu aijua. Hauwezi kupunguzwa kimya kimya, basi hapo ndipo kelele zatoka. Mwaka 2017 serikali ilitia ruzuku pakiti ikauzwa shilingi 90. Julai 2022, ilipokuwa imepita mia mbili, ikatia tena ikawa 100, na baada ya uchaguzi ruzuku haikudumu. Yote miwili ilikuwa miaka ya uchaguzi. Hakuna mtu ashawahi kuandamana kwa sababu ya hamri jembamba.

#9 Mleta uzi

Ndugu wa Kisauni, sentensi yako ya mwisho nimemsomea mama. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie wangeandamana kwangu, mimi ningeandamana kwa nani?"

Nirudi 2022 kama nilivyoahidi.

Januari mwaka ule namba ilifika 42, Machi 44. Kuna mteja wake wa miaka mingi, fundi seremala, alilishika andazi kati ya vidole viwili akauliza kwa upole kabisa, "Mama, hili andazi au kaimati?" Hakuwa anakejeli. Alitaka kujua anakula nini. Mama anasema siku hiyo alifunga mapema, maandazi mengine akagawia watoto wa jirani, maana aliona aibu kuyauza.

Watu wanauliza kwa nini hakuweka 120 au 130 tangu 2012 ikaisha. Jibu ni chenji. Hakuna sarafu ya 20 inayotembea, na ya hamsini ni ya kuitafuta. Mwezi wa pili 2022 alijaribu 150. Nilikuwepo, nilimsaidia asubuhi mbili. Mtu anakuja na mia mbili, anataka andazi moja, unamdai hamsini yake huna. Unampa pipi. Wa pili unampa pipi. Wa tatu anakasirika, anasema anataka hela si pipi, na ana haki. Wengine wakawa wanasubiriana wanunue wawili wawili ili itimie mia tatu. Foleni ikawa ndefu, chai ikapoa, akaacha baada ya siku kumi na moja. Zimeandikwa daftarini.

Kwa hiyo bei ya mtaani inapanda kwa ngazi, na ngazi zenyewe ni sarafu tulizonazo mfukoni. Kutoka mia, ngazi inayofuata ni mia mbili. Katikati ya ngazi hakuna pa kukanyaga, na hapo katikati ndipo kisu kinapofanya kazi. Wakati wa mwanzo wa shilingi yetu, 1966, kulikuwa na senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura. Ngazi zilikuwa nyingi na fupi. Noti ya mia tano niliyoijua mimi utotoni ilikuwa hela ya maana, mwaka 2014 ikageuzwa sarafu kwa sababu inapita mikono mingi mno na kuchakaa.

Tarehe 4 Aprili 2022 akaweka mia mbili. Mtaa mzima ukasema mama kapandisha asilimia mia kwa siku moja. Namba nyekundu ya siku hiyo ni 27. Fanyeni hesabu: 44 kwa mia ni 4,400, 27 kwa mia mbili ni 5,400. Kupanda kwa kweli ilikuwa kama asilimia 23. Ile iliyobaki ilishapanda tangu 2009, kidogo kidogo, hakuna aliyeisema.

Na kuna jambo nimeliona nikamuonea huruma. Kati ya 2013 na 2021 bei za nchi kwa ujumla zilipanda kama nusu, lakini namba yake ilitoka 32 hadi kama 39 tu. Asilimia 22 hivi. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwake. Aliogopa kupoteza wateja, akapunguza faida. Miaka hiyo ndiyo mimi niliyokuwa sekondari, na nakumbuka alivyokuwa anasema "mwaka huu haujakaa sawa", kila mwaka.

#10

Mkuu nakuelewa, lakini hao NBS unaowanukuu ndio wanaotudanganya. Wanasema mfumuko asilimia 3, mimi sokoni naona 30. Sukari mwanzoni mwa 2024 tulinunua elfu nne na zaidi, hiyo asilimia tatu waliipata wapi?

#11 Mleta uzi

Hapana mkuu, hapa sikubaliani, na nadhani tukiwaita waongo tunapoteza kitu chenye msaada.

Kwanza, mfumuko ukishuka bei hazishuki. Wastani wa 2024 ulikuwa asilimia 3.1, maana yake kapu lililokuwa 100,000 mwaka 2023 likawa 103,100. Linaendelea kupanda, ila linatembea, halikimbii. Bei za 2012 hazikurudi na hazitarudi.

Pili, hilo kapu lina bidhaa na huduma 383, za nchi nzima. Chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2. Sasa jiulize nyumbani kwako chakula kinachukua kiasi gani cha hela inayoingia. Kwa mama na majirani zake ni zaidi ya nusu. Sukari ikipanda, kapu la taifa linatikisika kidogo, la kwao linapinduka. Ile ya 2024 mvua za El Niño zilizuia kuvuna miwa, viwanda vikasimama, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi kati ya 2,700 na 3,200, na bado mitaani ikauzwa zaidi kwa sababu haikuwepo. Mzee wa Tanga hapo juu keshatueleza bei ya ukutani na rafu tupu.

Kwa hiyo namba ni ya kweli kwa kapu lile. Kapu lako ndilo tofauti. Tungekuwa na namba ya watu wa jero peke yao, ingesaidia sana.

#12

Vipi mishahara? Maana kulia bei bila kutaja kipato ni nusu ya habari.

#13 Mleta uzi

Kweli. Na mshahara nao unapanda kwa ngazi kama andazi, tena ngazi ndefu. Kima cha chini serikalini kilipandishwa asilimia 23.3 mwaka 2022 kikawa 370,000, kisha Julai 2025 kikawa 500,000. Kabla ya 2022 watumishi walikaa miaka bila nyongeza ya jumla. Ila seremala wa mama, dereva bajaji, dada wa saluni, wao hakuna tarehe Mosi Mei inayowahusu. Wanapandisha wenyewe wakithubutu.

#14

Tuseme na yaliyoshuka jamani, tusilie tu. Simu! Mwaka 2003 nilikuwa nabipu, naomba nipigiwe, vocha ya elfu tano inaisha kwa mazungumzo mafupi. Leo kwa hela ndogo naongea na dada yangu Bukoba mpaka sikio linauma.

#15 Muuza duka, Manzese

Hilo ni kweli, na kuna sababu yake. Mtandao mmoja ukipigia mwingine kuna ada wanalipana, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wamekuwa wakiishusha. Ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, ikawa 5.20 mwaka 2020. Simu zenyewe nazo zimeshuka. Lakini tusisahau tozo za miamala Julai 2021. Mwezi ule wateja waliacha kunitumia hela kwa simu, wakawa wanatembea nazo tena. Serikali ikapunguza asilimia 30 Septemba.

#16

Ada ya sekondari pia. Elfu ishirini ya kutwa iliondolewa Januari 2016. Kwetu iliokoa mbuzi mmoja kila mwaka.

#17 Mleta uzi

Ahsanteni wote. Kuna aliyenitumia ujumbe pembeni kuuliza leo kilo inatoa mangapi.

Nimeamka na mama saa kumi. Nimebeba mzani mdogo wa jikoni, maana nilitaka kitu cha ziada kuliko hesabu ya kisu. Amekanda, ameacha uumuke chini ya kitambaa kilekile cha bluu, amekata. Nimehesabu naye kwa sauti. Kilo imetoa 33. Ilikuwa 27 siku ya kwanza ya mia mbili.

Baada ya kukaanga nimelipima moja lililochuja mafuta vizuri: gramu 47. Nimemuonyesha mzani. Ameutazama, akachukua kalamu nyekundu, akaandika 33, kisha kwa mara ya kwanza akaongeza namba ya pili pembeni yake, 47.

Mwezi wa kwanza tutapima tena, nitaiweka hapahapa.